Leseni ya duka la pombe mtaani iamuliwe mbele ya majirani

Hapa Malindi tukianza tu kuongea habari za pombe mjadala unakwenda kombo mapema sana. Upande mmoja unasema ni haramu zifungwe zote, upande wa pili unasema huu ni mji wa watalii mkifunga watu watakula nini, na haipiti dakika watu washaanza kutupiana dini na kabila na wewe kwani umetoka wapi, na lile jambo lenyewe lililowaleta hapo halijaguswa hata kidogo. Mimi sinywi na dini yangu hainiruhusu, lakini nakaa mji wenye Mswahili, Mgiriama, mtu wa bara na Mtaliano, na wote hao wana haki ya kuishi wanavyoishi alimradi hawamdhuru mwenzao. Kwa hivo leo sitaki kuhubiri. Nataka tuongee jambo moja ambalo naona ndilo linatuumiza na hatuligusi: duka la pombe likifunguliwa mlango wa pili toka kwako, ni nani aliamua, alikaa wapi akaamua, na wewe alikuuliza lini.

Na nikisema duka simaanishi baa. Baa mtu anaijua, ina viti, ina mziki, ina mlinzi mlangoni, ina choo, na ukiwa na shida nayo unajua pa kwenda kulalamika. Duka la chupa ni kitu kingine kabisa. Ni kile chumba kimoja cha mbele kwenye nyumba ya kupangisha, grili ya chuma toka juu mpaka chini na kidirisha cha kupitisha mkono, mizinga, yani chupa kubwa za spiriti, imepangwa rafu ya juu, nusu katikati, na kwota, zile chupa ndogo za robo, ziko chini karibu na mkono wa muuzaji mana ndizo zinazotembea, namba ya M-Pesa imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kadibodi na kufungwa na waya. Pembeni panauzwa maziwa na mkate, upande wa pili kuna mama wa viazi karai. Leseni ya duka kama hilo inasema mteja anunue aondoke. Sasa aondoke aende wapi? Nyumbani kwake hawezi kunywa kwa sababu mamake au mkewe hataki, baa hawezi kwa sababu ile kwota pale bei yake ni nyingine, kwa hivo anavuka barabara anakaa kwenye baraza ya jirani. Wanakua wawili, wanakua watano, glasi za plastiki zinatoka dukani humo humo, na kwa sababu duka halina choo cha wateja basi choo ni ukuta wa huyo huyo jirani. Ikifika saa tatu usiku mama mwenye nyumba anamtuma mwanawe akamwage maji na dettol ukutani, na asubuhi anafagia vifuniko vya chupa kabla watoto hawajatoka kwenda shule. Kwenye makaratasi ya kaunti hapo hakuna baa. Pana duka la rejareja.

Hio tofauti baina ya karatasi na baraza ndio kiini cha mambo yote nitakayosema hapa.

Sheria yenyewe haikuandikwa vibaya, na nasema hivi kwa sababu wengi wanadhani hakuna sheria. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile watu walioizoea kwa jina la Sheria ya Mututho kwa ajili ya John Mututho aliyekua mbunge wa Naivasha akaisukuma bungeni, iliweka masaa ya baa kua saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku siku za kazi, na wikendi na sikukuu zianze saa nane mchana. Iliweka mita 300 baina ya sehemu ya pombe na shule ya watoto, kuanzia chekechea mpaka sekondari na taasisi yoyote nyingine inayofundisha walio chini ya miaka 18. Ilikataza pombe kufungwa kwenye chupa ya chini ya mililita 250, na hio ndo sababu kwota ikawa ndio kipimo cha maskini. Iliondoa ile sheria ya 1980 iliyokua inapiga marufuku chang'aa, ikasema ikitengenezwa kwa usafi na kufungwa sawasawa basi iuzwe kihalali. Na kuhusu leseni mpya za sehemu za kunywea, kifungu cha 12 kinaiambia kamati ya leseni isitoe mpaka iridhike kwamba ni kwa maslahi ya umma na kwamba sehemu zilizopo tayari hazitoshi ukilinganisha na wingi wa watu wa mahali pale.

Hebu isome tena hio ya mwisho. Maana yake ni kwamba anayeomba leseni ndiye anayetakiwa aonyeshe kua mtaa una upungufu. Sio jirani aonyeshe kua zimezidi. Mzigo uko kwa mwenye duka na kwa kamati, sio kwa mama wa baraza. Lakini tunavyoishi ni kinyume, mama wa baraza ndiye anayezunguka toka kwa mzee wa mtaa mpaka kwa chifu mpaka afisi ya kaunti ndogo akijaribu kuthibitisha kwamba anachokiona kila usiku ni kweli.

Na mwanya uko hapo hapo kwenye maneno. Ule mtihani wa kifungu cha 12 umezungumzia pombe ya kunyweka pale pale. Duka likija na fomu inayosema pombe ni ya kubeba, maswali yanapungua, mana fomu inasema hakuna atakayekunywa hapo. Kamati inasoma fomu. Kamati haikai barazani saa tatu usiku.

Wengine wataniambia hayo ni mambo ya Nairobi. Sio ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limetaja utoaji wa leseni za pombe kwa jina lake kabisa ndani ya kazi za kaunti, liko kwenye fungu moja na kamari na sinema. Zamani kwenye ile sheria ya kale ya leseni za pombe ilikua ni korti ya leseni na mwenye kiti ni DC, yani mkuu wa wilaya, mtu aliyetumwa na serikali kuu, leo yuko hapa kesho amehamishwa. Hoja yote ya kuleta jambo hili chini kwenye kaunti 2013 ilikua kwamba anayeamua awe ni mtu wa hapa, anayejua kwamba Barani si sawa na Casuarina, na Maweni si sawa na Watamu, na kwamba uamuzi wa duka la pombe mbele ya hoteli za pwani hauwezi kua mmoja na uamuzi wa duka katikati ya nyumba za Shela. Tumepewa mamlaka, lakini ile hekima ya mtu wa hapa ambayo ndio ilikua sababu ya kutupa mamlaka haijafika kwenye meza inayoamua.

Mfano mzuri ni hizo mita 300. Sheria inasema taasisi ya kufundisha watoto walio chini ya miaka 18. Chuo cha Kurani ni nini kama sio hicho? Mtoto wa miaka saba anakaa chuoni kila siku akisoma juzuu, ana mwalimu, ana darasa, ana mtihani, ana likizo. Sioni vipi mtu atasoma maneno yale kwa uadilifu alafu aseme madrasa haimo. Lakini mara nyingi watu wanapopima huo umbali wanatafuta shule yenye bendera na geti, chuo kilicho juu ya duka au nyuma ya msikiti hakionekani. Na ukikihesabu, mji wetu wa kale na mitaa inayouzunguka hutapata hata nukta ya kuweka duka la pombe, kwa sababu vyuo viko kila baada ya vichochoro viwili. Mwenye kupinga atasema hio ni kupiga marufuku kwa mlango wa nyuma. Mimi nasema hapana, hio ni sheria ileile ikisomwa na mtu anayejua watoto wa Malindi wanasoma wapi.

Alafu angalia saa. Aliyeandika saa kumi na moja jioni alikua na picha ya mtoto aliyeshatoka shule, yuko nyumbani anafanya homuweki. Mtoto wa huku saa kumi na moja hayuko nyumbani. Ametoka shule, amekula, amevaa kanzu au buibui, ameenda chuoni baada ya alasiri, na anatoka karibu na magharibi. Yani wakati pombe inafunguliwa kisheria ndio wakati njia zimejaa watoto wenye misahafu mikononi. Na wikendi ndio hivohivo, saa nane mchana wengine wako njiani. Hili si jambo la kumlaumu mtu wa bara aliyeandika sheria, hakuishi huku. Ni jambo ambalo kamati ya huku ingelijua bila kuambiwa, na ingeweza kuliweka kama sharti kwenye leseni ya duka fulani katika njia fulani, kwamba wewe kwa sababu uko njia ya chuo utafungua baada ya isha. Sharti moja, duka moja, mstari mmoja kwenye karatasi. Watu wangeshukuru na mwenye duka asingefilisika.

Sasa tunavyofanya badala yake ni amri. Amri ndio tumezizoea. Mwezi wa tano 2024 gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa alipiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, siku chache baadae gavana wetu Gideon Mung'aro akafuata hapa Kilifi, na Taita Taveta nayo ikafanya vile. Watu walifurahi, mimi pia nilifurahi, mana muguka nimeona ulivyowafanya vijana. Lakini haikumaliza hata wiki mbili mambo yakageuka, rais akasema zile amri hazina nguvu kwa sababu zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa, na Mahakama Kuu kule Embu ikazisimamisha. Muguka ukarudi kwenye vibanda ukiwa na nguvu zaidi, sasa muuzaji anajua kaunti haimwezi.

Linganisha hilo na pombe. Kwenye muguka kaunti ilienda kupigana mahali ambapo miguu yake ilikua haijakaa imara. Kwenye leseni za pombe miguu imesimama kwenye Katiba yenyewe, hakuna wa kuja kusema hii si kazi yenu, na mahali hapo penye nguvu ndio pamenyamaza. Hakuna aliyesimama jukwaani akasema mwaka huu kwa mtaa huu tumeangalia tumeona maduka yametosha, na hizi hapa sababu zetu kwa maandishi. Kwa sababu hilo halina makofi. Ni kazi ya kuchosha, ya ramani na madaftari na kusikiliza watu.

Amri za juu nazo ndio hizohizo. Baada ya vifo vya pombe ya sumu kule Kirinyaga mwezi wa pili 2024, waziri wa usalama wa ndani wa wakati ule Kithure Kindiki alitoka tarehe 6 Machi na orodha ndefu ya maagizo, na ndani yake ikiwemo kufunga zile baa na maduka ya pombe yaliyo kwenye makaazi ya watu na karibu na shule. Nia ilikua njema, watu walikua wamekufa. Lakini mtu wa mtaani anajua maagizo kama hayo yanafika vipi kwake. Yanafika kwa landrova. Wiki mbili za mwanzo kila mtu amefunga, wiki ya tatu mlango wa nyuma uko wazi, mwezi wa pili mlango wa mbele uko wazi na kuna mtu anapita kila Ijumaa jioni kuchukua chake. Amri isiyo na daftari inazaa ushuru usio na risiti.

Na hapa nataka niongee upande wa mwenye duka, kwa sababu watu wa mtaani tukiongea haya tunamfanya kama shetani. Huyu mtu naye amekopa. Amelipa leseni ya biashara, amelipa ya pombe, amelipa ya afya, ameweka grili, amelipa kodi ya miezi ya mbele, na anapolipa hakuna aliyemwambia hapa mahali pana chuo. Kaunti imechukua pesa zake ikampa karatasi yenye muhuri. Miezi mitatu baadae anakuja mtu na askari anamwambia uko makaazi ya watu. Kwani yalikua sio makaazi ya watu siku mliyopokea pesa? Mfanyabiashara mwaminifu anaumia mara mbili, kwa sababu anashindana na yule asiye na leseni kabisa anayeuza chini ya meza, na yeye mwenye karatasi ndiye anayeonekana na ndiye anayekamatwa. Ninachodai mimi kwa ajili ya majirani, yani uamuzi wa wazi wenye sababu kabla ya duka kufunguliwa, ndicho hichohicho kingemsaidia huyu. Angekataliwa mapema kabla hajachoma pesa zake, au angekubaliwa na akakaa kwa amani.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema mtu akiathirika na uamuzi wa afisi ya serikali ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kinamhusu mwenye duka aliyenyimwa, na kinamhusu jirani aliyepinga akapuuzwa. Mimi niliwahi kuandika barua ya kupinga, nikaipeleka kwa mkono, nikapigiwa muhuri kwenye nakala yangu. Duka likafunguliwa. Sikuitwa, sikujibiwa, na nilipouliza nikaambiwa kikao kilishapita. Najua kuna sheria inayosema maombi yatangazwe kabla ya kikao na inayompa mtu haki ya kupinga kwa maandishi. Lakini tangazo liko kwenye ubao wa afisi, limebandikwa juu ya tangazo la chanjo ya mbuzi na chini ya tangazo la mnada, limeandikwa Kizungu, lina majina ya watu na namba za ploti. Nani katika mtaa anajua namba ya ploti ya jirani yake? Mama anayeuza mahamri anajua ni pale kwa marehemu fundi cherehani. Tangazo ambalo anayehusika hawezi kulitambua halijatangaza kitu.

Wenzetu Uingereza kwenye hili wana jambo moja ambalo nalipenda sana na ni la bei rahisi. Sheria yao ya leseni ya 2003, inayotumika England na Wales, inataka anayeomba leseni abandike tangazo kwenye jengo lenyewe, karatasi ya rangi ya samawati iliyopauka, ukubwa wa kuonekana, kwa siku 28 mfululizo. Mtu anayepita kwenda kununua mkate anaiona. Akiwa na la kusema anaandikia halmashauri ya mji, na kukiwa na pingamizi basi madiwani watatu wanakaa kikao cha wazi wanasikiliza pande zote wanatoa uamuzi na sababu. Na pingamizi si la kusema tu mimi sipendi pombe, lazima liguse moja katika mambo manne: uhalifu na fujo, usalama wa watu, kero kwa majirani, na kulinda watoto. Scotland wao wameongeza la tano, afya ya umma, na bodi zao za leseni zinatakiwa ziseme wazi mahali gani pameshazidi maduka. Sisemi tuige kila kitu cha Mzungu, wao wenyewe pombe inawatesa. Nasema karatasi ya samawati inagharimu shilingi ngapi? Iandikwe Kiswahili, ibandikwe kwenye grili ya duka lenyewe, iandikwe pale kwa marehemu fundi cherehani, na kikao kisiwe Kilifi mjini kwenye makao ya kaunti saa tatu asubuhi siku ya kazi wakati mvuvi yuko baharini na mama yuko sokoni. Kiwe hapa, baada ya alasiri, kwenye shule ya mtaa au kwa chifu.

Kuna watu wataniuliza, na mnazi je, ile pombe ya kugema. Hilo ni swali la haki na nimelifikiria sana kwa sababu ndugu zetu Wagiriama wanaona kila ikitajwa pombe wao ndio wanaogongewa mlango wa kwanza. Mangwe, yani pale panapouzwa na kunyweka mnazi, si sawa na duka la chupa. Mgema anapanda asubuhi anapanda jioni, mnazi wa leo kesho umeshakua mkali na keshokutwa ni siki, huwezi kuujaza rafu ukangojea wateja wa mwisho wa mwezi. Mnazi una mipaka yake ndani yake. Uko kwenye mahari, uko kwenye matanga, mzee akinywa ana wazee wenziwe wanaomtazama na kumwambia mzee sasa basi. Kwota haina wazee. Kwota inanunuliwa na kijana peke yake kwa simu, inaingia mfukoni, inanyweka kichochoroni kwa dakika kumi. Sisemi mangwe hazina shida, zina shida, hasa zile zilizosogea mpaka karibu na shule za vijijini huko Ganda na Kakuyuni, na wako wanaotia vitu. Lakini mtu akitaka kupima madhara kwa uadilifu asianze kwa kumwaga madumu ya mgema alafu aache rafu za spiriti kwa sababu zina stika ya ushuru.

Takwimu ziko. Utafiti wa 2022 wa NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulisema karibu mtu 1 kati ya 8 wa umri wa miaka 15 mpaka 65 nchini anakunywa pombe, na Pwani ilikua asilimia 13.9, ya pili baada ya Magharibi. Ya pili, sisi hapa wenye misikiti hivi. Wengi walishangaa mimi sikushangaa, kwa sababu pombe imetoka kua kitu cha mahali maalum ikawa kitu cha njiani, iko baina ya mkate na vocha. Shirika la Afya Duniani lina mpango wake wa 2018 kuhusu pombe na ndani yake jambo la mwanzo kabisa ni hilo, kupunguza urahisi wa kuipata. Sio mahubiri, ni umbali. Kijana anayetakiwa atembee dakika ishirini kwenda kutafuta chupa ya pili mara nyingi hatembei. Akitakiwa avuke barabara tu, atavuka. Na hasa msimu hoteli zikifungwa, toka mwezi wa nne mvua zikianza, vijana wa hoteli na bichi wako mtaani bila kazi na duka liko wazi na daftari la deni liko wazi.

Mwaka 2025 mwishoni mwa mwezi wa saba ikaja sera mpya ya taifa ya pombe, ikipendekeza umri upandishwe toka 18 mpaka 21 na pombe isiuzwe supamaketi wala kupitia mitandao. Nchi nzima ikapiga kelele, serikali ikasema ni sera tu bado sio sheria. Kwenye zile kelele zote nilingoja nione mtu akiuliza habari ya kile chumba cha grili cha mtaani, ambacho hakina kamera wala mlinzi wa kuuliza kitambulisho, na ambapo mtoto wa miaka kumi akisema baba kanituma anapewa. Kumuuzia aliye chini ya miaka 18 ni kosa tayari, tangu 2010. Kupandisha umri mpaka 21 mahali ambapo 18 haijawahi kuulizwa kunasaidia nini?

Jirani zetu wa Lamu kisiwani wanatutazama. Kule mji wa kale, ule uliowekwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia 2001, pombe imebaki sehemu chache zinazojulikana, na si kwa sababu watu wa Lamu ni bora kuliko sisi. Ni kwa sababu mji ni mdogo, watu wanajuana, na anayetaka kufungua kitu anajua ataonana uso kwa uso na wazee wa mtaa kabla hajaenda afisi yoyote. Kile kikao cha barazani ndio kamati yenyewe. Malindi imekua kubwa, mwenye nyumba yuko Mombasa, mpangaji katoka mbali, anayetoa leseni yuko Kilifi, na watatu hao wote hakuna hata mmoja anayelala mtaa huo. Kwa hivo kile ambacho Lamu kinafanywa na kujuana, sisi inabidi kifanywe na utaratibu.

Leseni hizi ni za mwaka mmoja. Watu wanasahau hilo. Duka lililopewa kimakosa halijapewa milele, kila mwaka linarudi kuomba upya, na kila mwaka kamati inaweza kuuliza maswali iliyoyaruka mwanzo. Kwa hivo wanaokaa karibu na maduka haya msingoje mpaka fujo itokee. Andikeni mapema mukiwa watu kumi badala ya mmoja, mtaje tarehe, mtaje saa, mpige picha za baraza na za ukuta, mpime kwa hatua umbali toka mlango wa duka mpaka mlango wa chuo na muandike. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa raia yeyote haki ya kuiandikia afisi ya umma akiomba habari iliyonayo, na afisi ina siku 21 za kujibu. Ombeni orodha: ni maduka mangapi yana leseni katika wadi hii, yako wapi, ni ya kubeba au ya kunywea, na nani alikagua. Nakala moja peleka kwa MCA wako, yani mwakilishi wa wadi, na umuulize mbele ya watu kama ameiona hio orodha yeye mwenyewe. Mimi barua yangu ya wadi yetu nimeshaiandika, inasainiwa wiki hii na majirani, wako Waislamu, wako Wakristo, na wako wawili wanaokunywa ambao wamesema wao pia hawataki watoto wao wapite pale.